Jinsi ya Kupima Kimaadili Uamuzi wa Kuongeza Uwezo wa Akili ya Mtu Asiye Mgonjwa

Swali la kuongeza uwezo wa akili ya mtu mwenye afya halikai tena katika mijadala ya wanafalsafa peke yao. Linamfikia mwanafunzi aliyebakiwa na siku nne kabla ya mtihani, ambaye mwenzake amemwekea mezani nusu pakiti ya vidonge alivyoandikiwa mtu mwingine. Linamfikia daktari anayeombwa dawa na mtu asiye na ugonjwa wowote, mzazi asiyetaka mtoto wake aachwe nyuma, na msimamizi wa kazi ambaye watu wake wanasinzia katika zamu ya usiku. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu hao. Unaeleza maswali ya kujiuliza, lipi litangulie na lipi lifuate, na mahali ambapo uzito unapaswa kuwekwa.

Niseme mapema ninaposimama, ili msomaji anipime vizuri ninapoendelea. Naona tumetumia muda mwingi mno kubishana kama njia hizi ni za asili au si za asili, na muda mchache mno kuuliza ni nani atakayeshindwa kukataa pindi wenzake wakishakubali. Swali hilo la pili ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Litaje jambo lilivyo

Methilifenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin, ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944, na leo hutolewa kwa watu wenye tatizo la kukosa umakini na kutotulia, pamoja na wenye narkolepsi, yaani ugonjwa unaomfanya mtu azidiwe na usingizi mchana. Modafinili iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ajili ya narkolepsi hiyo hiyo. Mgonjwa anayetumia dawa hizi kwa maelekezo ya daktari anatibiwa, na hakuna sababu ya kumtazama kwa jicho la shaka. Wenye tatizo la umakini wamekwisha kusemwa vya kutosha. Anayehusika hapa ni yule anayemeza kidonge hicho hicho bila ugonjwa, kwa kutaka akili yake ifanye zaidi ya ilivyozoea.

Mpaka kati ya watu hao wawili haukunyooka kila mahali. Muuguzi aliyekesha usiku wa tatu mfululizo si mgonjwa, lakini pia hayuko katika hali yake ya kawaida. Zaidi ya hapo, kuiongezea akili nguvu si jambo geni: kahawa, miwani, kujua kusoma na kuandika, na hata usingizi wa saa nane ni njia ambazo binadamu hupata kwazo uwezo ambao asingekuwa nao. Kwa hiyo usianze na dhana kwamba kuongeza uwezo ni kosa kwa kuwa tu ni kuongeza. Andika kwa sentensi moja unachotaka kiongezeke, kwa njia gani, kwa muda gani na kwa lengo lipi. Mtu anayeandika “nataka kuwa na akili zaidi” hajasema kitu bado. Anayeandika “nataka kukaa macho usiku wa leo ili nimalize kazi niliyoiahirisha kwa wiki tatu” amesema jambo linalopimika, na mara nyingi anapolisoma tena huona mwenyewe kwamba dawa si jibu lake.

Hakikisha kwamba faida inayosemwa ipo

Watu wengi huruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye ubishi wa haki na usawa, kana kwamba imekwisha kuthibitishwa kuwa vidonge hivi vinampa mtu mzima akili ya ziada. Haijathibitishwa hivyo. Dawa za kuchangamsha hupunguza usingizi na huongeza hamu ya kushughulika, lakini hamu na uwezo ni vitu viwili.

Mwaka 2023 watafiti wa Melbourne walichapisha jaribio linalostahili kutazamwa kwa karibu. Walichukua watu 40 wenye afya na kuwapa, kwa nyakati tofauti, methilifenideti, modafinili, deksamfetamini (dawa ya kuchangamsha ya jamii ya amfetamini) au kidonge kitupu kisicho na dawa. Kisha kila mmoja alikaa mbele ya skrini akijaza mfuko: kila kitu kilikuwa na uzito wake na thamani yake, mfuko ulikuwa na kikomo cha uzito, na kazi ilikuwa kuchagua vitu vyenye jumla ya thamani kubwa kuliko vyote bila kuvuka kikomo hicho. Waliomeza dawa walihangaika zaidi. Waliingiza vitu na kuvitoa mara nyingi zaidi na walitumia muda mrefu zaidi, lakini ubora wa juhudi zao ulishuka. Waliokuwa juu ya wastani walipomeza kidonge kitupu walielekea kushuka chini ya wastani walipomeza dawa. Mtu aliyekuwa akifikiri vizuri aligeuka kuwa mtu anayeshughulika sana.

Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2017, liliwahusu wachezaji 39 wa sataranji waliopewa modafinili, methilifenideti au kafeini. Dawa ziliwafanya wafikiri kwa muda mrefu zaidi, na kwa sababu hiyo walipoteza michezo mingi kwa kuishiwa muda. Michezo hiyo ilipowekwa kando, matokeo yao yalionekana kuwa bora kidogo. Fundisho lake ni la moja kwa moja kwa mwenye mtihani: kama saa inahesabu, kufikiri kwa kina zaidi kunaweza kukuangusha.

Lililonigusa kuliko yote ni jambo lililoonekana mwaka 2013 katika utafiti wa watu 46 waliopewa mchanganyiko wa dawa za amfetamini. Vipimo vya kumbukumbu, ubunifu na akili kwa jumla havikuonyesha faida ya kutajika, lakini washiriki wenyewe waliamini kwamba dawa iliwasaidia kufanya vizuri zaidi. Hii ina maana kwamba ushuhuda wa mtu aliyemeza kidonge, hata awe rafiki mkweli kiasi gani, hauwezi kuwa ushahidi wako, kwa kuwa kitu cha kwanza ambacho dawa hubadilisha ni namna mtu anavyojiona.

Kwa hiyo, unapoambiwa kwamba kitu fulani kinaongeza akili, uliza mambo manne. Je, kilijaribiwa kwa watu wenye afya, au matokeo ya wagonjwa yamehamishiwa kwa wasio wagonjwa? Je, kililinganishwa na kidonge kitupu? Ni uwezo gani hasa uliopimwa, na unafanana na kazi yako? Je, walipima pia kilichopungua? Swali hilo la mwisho lina sababu yake: utafiti wa mwaka 2013 juu ya vifaa vinavyopitisha umeme hafifu kwenye ubongo ulionyesha kwamba kuchochea sehemu moja kulisaidia kujifunza jambo jipya lakini kukadhoofisha uwezo wa kulitumia bila kujikaza, na kuchochea sehemu nyingine kulileta matokeo ya kinyume. Mwaka 2016 kundi la watafiti wa fani hiyo liliwaandikia wazi wanaojiwekea vifaa hivyo nyumbani kuwatahadharisha kwamba mabadiliko yanaweza kudumu na kufika mahali wasipopakusudia.

Weka madhara kwenye mizani ya mtu mwenye afya

Mgonjwa anapokubali madhara ya dawa, upande wa pili wa mizani kuna ugonjwa. Mtu mwenye afya ana matakwa tu upande huo. Ndiyo sababu hatari ambayo daktari huikubali kwa mgonjwa bila kusita inaweza kuwa kubwa mno kwako.

Modafinili inaweza, kwa nadra, kusababisha mlipuko mkali wa ngozi unaohatarisha maisha. Inapunguza nguvu ya dawa za kupanga uzazi zenye homoni. Na haipaswi kutumiwa wakati wa ujauzito. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza itumike kwa wenye narkolepsi tu, baada ya kuona kwamba kwa matumizi mengine faida haizidi hatari. Methilifenideti na amfetamini huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, huondoa usingizi na hamu ya kula, na zinaweza kumfanya mtu awe mraibu. Zote mbili zimo katika orodha ya pili ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 juu ya dawa zinazoathiri akili. Kutumia zilizoandikwa kwa jina la mwingine ni kosa la kisheria katika nchi nyingi, na aliyekupa naye anaingia hatarini pamoja nawe. Usizianze bila daktari anayejua moyo wako, dawa nyingine unazotumia na historia ya akili katika familia yako.

Kahawa nayo isisahauliwe kwa kuwa tumeizoea. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku hazimtii wasiwasi mtu mzima mwenye afya, na kwa mjamzito kiwango ni 200. Usingizi ndio njia ambayo watu huidharau kuliko zote. Utafiti wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kwa kiwango cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Mtu aliyenyimwa usingizi na kuongezewa dawa hajaongezewa kitu. Amerudishiwa sehemu ya alichonyang’anywa, na kwa mkopo.

Jipe jaribio la kukataa

Hapa ndipo penye kiini. Katika vita vya pili vya dunia majeshi ya pande zote mbili yaliwagawia askari dawa za jamii ya amfetamini ili wakeshe na kuendelea, na desturi hiyo haikuishia hapo. Mwaka 2002, katika safari ya marubani wawili wa Marekani, mmoja wao alidondosha bomu karibu na Kandahar, Afghanistan, na kuua wanajeshi wanne wa Kanada waliokuwa upande wao. Mawakili wao walitaja katika utetezi vidonge vya deksamfetamini ambavyo jeshi lilikuwa likiwapa marubani. Sihitaji kuamua kama vidonge ndivyo vilivyosababisha makosa yale ili kuliona swali lililo chini yake: mtu anayepewa dawa na mkubwa wake, kabla ya kazi ambayo hawezi kuikataa, amekubali kwa maana ipi?

Shuruti ya namna hiyo inaonekana kwa macho. Ngumu zaidi kuiona ni ile isiyo na mkubwa wala amri. Tuseme ofisini kuna watu kumi, na wawili wanaanza kutumia vidonge ili wafanye kazi hadi usiku wa manane. Hakuna aliyewaagiza. Baada ya miezi michache kazi inayotarajiwa kwa siku inapimwa kwa kasi ya wale wawili, na mwenzao mwenye mtoto mchanga, ambaye kasi yake haijabadilika hata kidogo, anaanza kuitwa mzembe. Siku atakapomeza kidonge chake cha kwanza, atasema kwa dhati kwamba ameamua mwenyewe. Mimi sioni kwamba ni uongo, lakini sioni pia kwamba ni uhuru.

Jaribio ninalopendekeza hufanywa kwa kalamu na karatasi. Andika: “Nikikataa, nitapoteza nini?” Kama utakachokosa ni faida ya dawa yenyewe tu, uamuzi ni wako. Kama utapoteza kazi, nafasi ya masomo, heshima ya wenzako au zamu zako, basi kuna mtu au mpangilio unaokusukuma, na huo ndio wa kushughulikiwa kwanza. Kisha andika swali la pili: “Kila mtu akifanya kama mimi, nani atakuwa amesogea?” Katika mtihani wa kugombea nafasi mia moja, wote wakimeza dawa nafasi hubaki mia moja na madhara huongezeka, hizo ni mbio za sakafuni, na ukingo wake ni miili ya watu. Lakini kama kinachotafutwa ni tiba mpya au ajali chache zaidi barabarani, faida haimezwi na ushindani, na hoja ya kuruhusu inapata nguvu. Mimi huwapa uzito tofauti kabisa watu wanaotaka kumshinda jirani na wale wanaotaka kufanya jambo litakalomfaa jirani huyo.

Hata hivyo mfano wa pili una mtego wake. Mwaka 2011 watafiti wa London waliwapa modafinili madaktari waliokesha, na katika vipimo madaktari hao walipanga mambo vizuri zaidi na hawakuwa na pupa, ingawa ustadi wao wa mikono katika kazi ya kuigiza ya upasuaji haukuboreka. Wapo wanaosema kwamba siku dawa itakayoboresha kweli kazi ya daktari mpasuaji itakapopatikana, atakuwa na wajibu wa kuitumia kwa ajili ya mgonjwa wake. Nawaelewa, kwa sababu anayelala kwenye meza ya upasuaji anastahili mikono bora iliyopo. Lakini kabla ya kumpa daktari kidonge, muulize aliyepanga ratiba kwa nini daktari huyo yuko macho tangu jana. Kidonge huifanya ratiba mbaya ivumilike, na ratiba mbaya inayovumilika haibadilishwi.

Soma kanuni za mashindano unayoshiriki

Hapa jambo ni fupi. Kama unashindana chini ya kanuni, zifuate au zipinge hadharani, usizizunguke. Chuo Kikuu cha Duke kiliongeza mwaka 2011 katika kanuni zake kwamba kutumia dawa za daktari bila idhini ili kuinua matokeo ya masomo ni udanganyifu. Michezo ina orodha yake ya dawa zilizopigwa marufuku, na mwanariadha Kelli White alinyang’anywa medali zake za dhahabu za mwaka 2003 baada ya modafinili kuonekana katika vipimo vyake.

Pasipo na kanuni, uliza shindano linakusudia kupima nini. Hoja ya kwamba vidonge vitawafaidi wenye fedha peke yao ni ya kweli, lakini haitoshi yenyewe, kwa kuwa mwalimu wa ziada na nyumba tulivu ya kusomea navyo ni vya wenye fedha na hatujavipiga marufuku. Kinachovitofautisha vidonge ni kwamba mwalimu wa ziada haharibu moyo wa mwanafunzi na alichokifundisha hakitoweki asubuhi. Na kwa wanaoumia kwa kujiuliza kama mafanikio yatakuwa yao kweli: jibu linategemea juhudi uliyoweka, na hakuna mtu wa nje anayeweza kukujibia.

Unapomwamulia mwingine

Kwa mtoto, kipimo kinakuwa kigumu zaidi. Ubongo wake bado unajengeka, hawezi kutoa ridhaa kamili, na anayemtakia mema ndiye huyo huyo anayemsukuma. Chuo cha Marekani cha Madaktari wa Mishipa ya Fahamu kilieleza mwaka 2013 kwamba kuwaandikia watoto na vijana wasio na ugonjwa dawa hizi ili kuongeza uwezo wa akili hakukubaliki, na mimi naungana nacho bila sharti. Mzazi anayehisi mtoto wake anabaki nyuma ampeleke kwanza apimwe macho, masikio, usingizi na namna anavyosoma. Kama kuna tatizo la umakini litaonekana hapo, na hapo tiba itakuwa tiba.

Daktari anayeombwa na mtu mzima hana wajibu wa kuandika, na kukataa hakuhitaji ukali. Muulize mwombaji analala saa ngapi, anakunywa nini, na nini kitatokea asipomaliza kazi hiyo. Mara nyingi nyuma ya ombi la dawa kuna sonona, hofu, au kazi ya watu wawili aliyobebeshwa mmoja. Sisemi kwamba kila anayeomba amechanganyikiwa: mwaka 2008 wataalamu wanaoheshimika, Henry Greely na wenzake, waliandika katika jarida la Nature kwamba watu wazima wenye akili timamu wanastahili kuruhusiwa kuzitumia iwapo utafiti na kanuni vitawalinda. Hoja yao ni nzito na inastahili kujibiwa kwa hoja. Jibu langu ni kwamba ulinzi waliousharutisha bado haujajengwa, na mtu mmoja mmoja hawezi kuujenga chumbani kwake kwa pakiti ya kuazima.

Mwajiri au mwalimu ana kazi tofauti. Asipendekeze, asiulize nani anatumia ili awasifu, na asipange kazi ambayo inawezekana tu kwa mtu asiyelala.

Uandike uamuzi wako na utaje tarehe

Uamuzi wowote utakaofikia, uandike kwenye ukurasa mmoja: lengo, njia, aliyekushauri, unachokitazama kama dalili ya madhara, na siku ya kuacha au kuupitia upya. Siku hiyo isizidi miezi mitatu. Mwonyeshe ukurasa huo mtu mmoja anayeishi nawe, kwa maana dawa ikianza kukubadilisha, yeye ataona kabla yako: utakavyokuwa mkali mezani, utakavyokula kidogo, utakavyozungumza bila kumsikiliza. Mpe ruhusa mapema ya kukuambia uache. Kama huwezi kumwonyesha kwa sababu unaona aibu au unaogopa atakavyosema, andika sababu hiyo nayo chini ya ukurasa, kisha subiri siku saba kabla ya kumeza chochote.

Na kama wewe ndiye msimamizi, ukurasa wako una mstari mmoja wa ziada: utamjibu nini mfanyakazi atakayekuja kukwambia kwamba wenzake wanameza na yeye hataki. Liandike jibu hilo leo kabla hajagonga mlango, na liwe na saa za kazi ndani yake.